Pumzi na Mto: Ujuzi wa Wamama wa Nyangwe na Somo Lake kwa Waogeleaji

Tukisema mila na desturi hapa kwetu Kasongo na Kabambare, mawazo ya wengi yanakimbilia ngoma, mahari, tohara na matanga. Ni vizuri. Lakini iko urithi mwingine ambao hatuuandiki sana, nao ni urithi wa mwili: namna ya kubeba mzigo, namna ya kutwanga, namna ya kupiga kafi, namna ya kuogelea. Katika kurasa hizi tunataka kuzungumza juu ya sehemu moja tu ya urithi ule, tena sehemu isiyoonekana na macho: pumzi ya mtu aliye ndani ya maji.

Vijana wetu wanaotazama mashindano ya kuogelea kwenye televisheni wanafikiri kwamba mambo ya pumzi na ya kulegeza mwili yametoka Ulaya au Marekani pamoja na pisini na miwani ya majini. Sisi tunasema hapana. Ujuzi ule ulikuwa hapa, ukingoni mwa Lualaba, na historia yake iko na tarehe, iko na mahali, tena iko na damu.

1. Neno moja, mambo mawili

Tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili kinasema pumzi, kinasema kupumua, na kinasema kupumzika. Maneno hayo matatu ni ya shina moja. Mkulima aliyechoka na jembe anaambiwa: "Pumzika kwanza." Maana yake ya ndani ni kwamba arudishe pumzi yake mahali pake. Wazee waliotuachia lugha hii walijua kwamba mtu hawezi kutuliza mwili wake kama hakutuliza pumzi, na hawezi kutuliza pumzi kama mwili umekazana.

Wakufunzi wa waogeleaji wa mashindano wanafundisha mambo hayo mawili kama somo moja, sawa na lugha yetu inavyoyaweka katika shina moja. Tutaona baadaye kwa nini. Kwanza turudi mtoni.

2. Watu wa maji

Kusini mwa Maniema ni nchi ya maji. Lualaba inapita magharibi ya mji wa Kasongo ikielekea Kindu na Kisangani. Luama inatoka upande wa mashariki, inapita katika teritware ya Kabambare, kisha inajimwaga ndani ya Lualaba. Kandokando ya mto mkubwa wanakaa Wagenya, wanaoitwa pia Wenya au Enya, ambao kazi yao tangu zamani ni uvuvi, kuvusha watu na kufinyanga vyungu. Ndugu zao wa Kisangani wanajulikana duniani kwa mitego yao ya samaki katika maporomoko.

Mtu yeyote aliyetaka kuvuka Lualaba alipaswa kwanza kuelewana na Wagenya. David Livingstone alifika Nyangwe mwisho wa Machi 1871, akakaa karibu miezi minne akitafuta mitumbwi bila kupata. Hata jeshi la Leta Huru ya Kongo chini ya Dhanis, lilipovuka mto kushika Nyangwe mwanzo wa Machi 1893, kabla ya kuingia Kasongo mwezi wa Aprili, lilivushwa na mitumbwi ya Wagenya. Wakubwa walibadilishana, lakini wenye kafi walibaki wale wale.

Habari ya mitumbwi inajulikana. Habari ya wamama inajulikana kidogo. Livingstone aliandika kwamba wamama wa Kigenya walikuwa hodari sana ndani ya maji, kwa sababu walizoea kuzamia chaza. Chaza wa mto si kitu cha kuokota tu kama jiwe la njiani. Kombe lake linashikamana na mwamba kule chini, na yule anayelitaka anapaswa kushuka, kulipapasa, kulibandua, kisha kupanda nalo juu, yote hayo kwa pumzi moja. Mwanamke anayefanya kazi ile asubuhi nzima amekwisha kupata shahada ya pumzi, ijapokuwa hakuna shule iliyompa karatasi.

Tuweke jambo hili pamoja na tarehe za wengine. Kapteni Matthew Webb, Mwingereza, alivuka bahari kutoka Uingereza mpaka Ufaransa tarehe 24 na 25 Agosti 1875, kwa saa 21 na dakika 45, akashangiliwa na Ulaya nzima. Alistahili. Lakini miaka minne mbele ya siku ile, wamama wa Nyangwe walikuwa tayari wakiishi kwa kazi ya maji, na hakuna aliyewapigia makofi. Jina la hata mmoja wao halikuandikwa.

3. Tarehe 15 Julai 1871

Nyangwe ilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa pwani, na soko lake lilikuwa la wamama. Walikuja kwa mitumbwi kutoka ng'ambo zote mbili, na samaki, vyungu, chumvi, mafuta ya mawese, mihogo na kuku. Siku za kawaida watu walikuwa wengi zaidi, lakini asubuhi ya tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikadiria watu 1.500 hivi, kwa maana ng'ambo ya pili vijiji vilikuwa vinaungua moto kwa ajili ya vita vya watekaji.

Watu watatu wenye bunduki waliingia sokoni. Mmoja alianza kubishana juu ya bei ya kuku. Mara bunduki zikalia katikati ya watu. Watu wakatupa vitu vyao wakakimbilia kijito ambamo mitumbwi kama 50 ilikuwa imefungwa, na kule nako walikuta wengine wenye bunduki wanawapiga. Mitumbwi ikasongamana, mingi ikashindwa kutoka. Wengine walisahau kafi, wakapiga maji kwa mikono. Wengine, mamia kwa mamia, wakajitupa mtoni.

Hapa ndugu wasomaji tusimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo historia inagusa somo letu. Wengi wa wale waliojitupa waliogelea kuelekea kisiwa kilichokuwa mbali, zaidi ya kilomita moja na nusu kwa kadirio la Livingstone. Ili kukifikia walipaswa kuuwekea mkondo bega la kushoto na kupigana nao njia nzima. Mkondo ulikuwa wa kilomita 3 hivi kwa saa. Yeye aliyekuwa anatazama kutoka ukingoni aliona mstari mrefu wa vichwa juu ya maji, na akaona pia kwamba, kama wangekata mto kwa mshazari, mkondo ungewasaidia. Ng'ambo ilikuwa mbali kuliko kisiwa, lakini baadhi yao wangefika. Kichwa kimoja kimoja kilipotea, vingine polepole bila kelele, vingine na mikono juu.

Tufanye hesabu ndogo ya darasani. Mtu mzima asiye mchezaji anaogelea kilomita 2 au 3 kwa saa. Ukimweka mbele ya mkondo wa kilomita 3, anapiga mikono lakini hasongi, na nguvu yake inakwisha palepale. Hata bingwa Pan Zhanle wa China, aliyeogelea mita 100 kwa sekunde 46,40 huko Paris mwaka 2024, mwendo wake haufiki kilomita 8 kwa saa, na hakuna mtu anayeweza kushika mwendo ule kwa kilomita nzima. Mto hauchoki. Mtu ndiye anachoka.

Wale waliokufa hawakukosa akili. Risasi zilikuwa zinapiga juu ya vichwa vyao. Mtu anayefukuzwa anakwenda mahali macho yake yanapoona nchi kavu, na pumzi yake inakuwa fupi fupi kama ya mbwa. Woga ulifanya kazi pamoja na bunduki. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, na Livingstone aliona kwamba hesabu ya kweli haitajulikana kamwe.

Mkubwa mmoja wa wafanyabiashara, Dugumbe, ambaye watu wake ndio waliofyatua, alituma mtumbwi kuokota walio majini, wakaokolewa watu 21. Lakini mwanamke mmoja alikataa kuingia. Aliona kwamba mtumbwi ule ni njia ya utumwa, akachagua kuogelea. Livingstone aliongeza pale pale habari ya wamama wanaozamia chaza, akasema wale walioshuka na mkondo labda waliokoka.

Tunamwita mama yule mwalimu wetu. Wengine walikuwa na woga tu. Yeye alikuwa na woga pamoja na ujuzi. Mtu asiyejua maji asingeweza kukataa mtumbwi katikati ya Lualaba. Uhuru wake wa kusema hapana ulikuwa ndani ya mapafu yake.

Livingstone aliandika habari hizi juu ya karatasi za gazeti la zamani, kwa wino wa mmea, kwa sababu karatasi na wino vilikuwa vimemwishia. Maandishi yale yalififia kabisa, mpaka yaliposomwa upya kwa picha za mwanga maalum na kutolewa mwaka 2011. Kitabu kilichochapwa Londoni mwaka 1874, baada ya kifo chake, hakifanani katika kila jambo na karatasi zile. Kwa hiyo wanahistoria wangali wanajadiliana ni nani hasa walishiriki katika mauaji. Kwamba mauaji yalitendeka, hakuna ubishi.

4. Mwili unafanya nini

Sasa tuulize: mwogeleaji anaishiwa pumzi namna gani? Wengi wanajibu kwamba hewa imekwisha. Si hivyo. Hewa tunayovuta iko na oksijeni asilimia 21, na ile tunayotoa ingali na asilimia 16 hivi. Kitu kinachotusukuma kupumua ni gesi ya kaboniki inayojaa ndani ya damu. Ikizidi, kifua kinawaka na mtu anatafuta hewa kwa nguvu.

Hapa ndipo kosa kubwa la wanafunzi wa kuogelea. Anaingiza uso majini, anafunga mdomo, anazuia pumzi. Akiinua kichwa anataka kutoa na kuvuta kwa mara moja, katika nafasi ya nusu sekunde. Hawezi. Anavuta kidogo juu ya hewa chafu iliyobaki, na baada ya mara tano sita amechoka kabisa, hata kama mikono yake iko na nguvu ya mtwanga mihogo.

Wakufunzi wanafundisha kinyume chake. Uso ukiwa majini, mtu anatoa pumzi polepole bila kusimama, kwa pua na mdomo, na mapovu yanapanda. Kichwa kikigeuka upande, mapafu yamekwisha kuwa tupu, kwa hiyo hewa mpya inaingia yenyewe haraka. Kichwa hakiinuliwi juu, kinageuzwa pamoja na bega, kwa sababu kichwa kikiinuka miguu inazama. Wengine wanapumua kila mikono miwili, wengine kila mikono mitatu ili kubadilisha upande. Mpigo unafuatana kama wapiga kafi wanaoimba: wimbo unaweka mikono yote katika mwendo mmoja, na ukiweka mikono, unaweka pumzi pia.

Kulegeza mwili kuko na sababu yake. Msuli unaokazana unakula oksijeni hata kama haufanyi kazi yenye faida. Mtu anayekunja ngumi, anayeuma meno, anayekaza shingo, analipa kodi kwa kitu asichonunua. Tena mapafu yaliyojaa yanamfanya mtu aelee, lakini mwenye woga anapumua juu juu ya kifua, kwa hiyo anakuwa mzito zaidi. Ndiyo maana mkufunzi anamwambia mchezaji alegeze vidole, taya na mabega.

Kabla ya kuruka, mchezaji wa mashindano anasimama na moyo unampiga. Wanamfundisha kupumua kwa tumbo: kuvuta polepole mpaka tumbo linainuka, kisha kutoa polepole zaidi kuliko alivyovuta. Pumzi ndefu ya kutoa inapunguza mbio za moyo. Kugusisha uso maji baridi nako kunapunguza mwendo wa moyo, na utaona wengine wanajirushia maji kabla ya kupanda kwenye kibao.

Lakini iko hatari moja ambayo kila mzazi aijue. Vijana wanaoshindana nani atakaa sana chini ya maji wanapenda kuvuta pumzi nyingi haraka haraka kabla ya kuzama. Kwa kufanya hivyo wanafukuza gesi ya kaboniki, na mwili haupati tena ishara ya kupanda juu. Oksijeni inakwisha kimya kimya, na mtoto anazimia chini bila kusikia dalili yoyote. Hata mabingwa wamekufa hivyo katika pisini safi. Haraka haraka haina baraka, na majini haina hata onyo.

5. Pumzi ya kulazimishwa

Tusije tukafikiri kwamba ujuzi wa pumzi unaleta heri siku zote. Njia zile zile zilizounganisha Nyangwe na Kasongo na Ujiji, Tabora na Zanzibar, ziliendelea baharini mpaka Oman na Ghuba. Kule, mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, lulu zilitafutwa kwa wingi, na wazamiaji wengi walikuwa watu wa asili ya Afrika Mashariki, baadhi yao watumwa. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio, akashuka na jiwe mguuni, akakaa chini dakika moja hivi, kisha akavutwa kwa kamba. Alifanya vile tangu asubuhi mpaka jioni, miezi minne ya joto. Lulu ilienda kwa tajiri. Biashara ile ilianguka karibu na mwaka 1930, Wajapani walipoleta lulu za kufugwa na dunia ilipoingia katika shida ya uchumi.

Mama wa Nyangwe alizamia chaza wa soko lake mwenyewe. Mtumwa wa Ghuba alizamia lulu ya bwana wake. Maji ni yale yale, mapafu ni yale yale. Tofauti ni nani anayeamuru pumzi.

6. Ushujaa bila mazoezi

Mwaka 2000, katika michezo ya Olimpiki ya Sydney, Eric Moussambani wa Ginekweta aliogelea mita 100 peke yake, kwa sababu wenzake wawili waliondolewa kwa kuruka mapema. Alikuwa hajawahi kushindana katika pisini ya mita 50. Nusu ya kwanza alikwenda kwa nguvu. Nusu ya pili pumzi ilimwishia, mikono ikawa mizito, watu wakaogopa kwamba atazama. Alifika kwa dakika 1 na sekunde 52,72, uwanja mzima ukisimama kumshangilia. Baadaye, mwaka 2012, alipewa kazi ya kufundisha waogeleaji wa nchi yake.

Wengi walicheka. Sisi kama walimu tunaona jambo lingine: moyo alikuwa nao, pumzi hakuwa amepewa nafasi ya kuifundisha. Vijana wetu wa Kasongo na Kabambare wako katika hali ile ile. Wengi wanajua kujitupa, wachache wanajua kudumu.

7. Kazi inayotubakia

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu karibu 300.000 walikufa maji ulimwenguni, wengi wao katika nchi zenye mapato madogo, na watoto wakiwa sehemu kubwa. Hapa Kongo tunajua habari hizi bila kuambiwa. Tarehe 3 Oktoba 2024, meli iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, huko Goma, karibu kufika, watu walio ukingoni wakitazama. Makumi walikufa. Meli iliyojaa kupita kiasi haina dawa katika pumzi ya abiria, na wakubwa wa bandari wasijifiche nyuma ya maneno yetu. Hata hivyo, mtu anayejua kulala chali juu ya maji na kupumua polepole yuko na dakika nyingi zaidi za kungojea mtumbwi.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu.

La kwanza, wazazi waanze nyumbani na beseni. Mtoto aingize uso, atoe mapovu polepole akihesabu mpaka tano, ageuze kichwa, avute. Haigharimu kitu, na mamba hayuko ndani ya beseni.

La pili, somo la mazoezi ya mwili shuleni liingize pumzi na kulegeza mwili, hata kama hakuna pisini. Kuelea kufundishwe mahali pa maji mafupi yaliyotulia, pamoja na mtu mzima na kamba, mbali na mkondo, na baada ya kuuliza watu wa afya juu ya bilarzioze. Mtoto afundishwe pia sheria ya mto: usipigane nao, ukate kwa mshazari.

La tatu, vijana wakawaulize wazee na wamama wa Kigenya wanaojua maji, na waandike wanayoyasikia. Umoja wa Mataifa uliweka mwaka 2021 tarehe 25 Julai kuwa siku ya kupigana na kifo cha maji. Ni siku kumi tu baada ya ukumbusho wa Nyangwe, katikati ya vakansi kubwa na ya kiangazi, wakati watoto wetu wanashinda mtoni. Tungeweza kuunganisha siku hizo mbili: ya kwanza kwa kuwakumbuka waliokufa, ya pili kwa kuwafundisha walio hai.

Mstari ule wa vichwa juu ya Lualaba ulikuwa wa watu wa hapa, wauza samaki na vyungu. Tukiwafundisha wajukuu wao kutoa pumzi kwa utulivu ndani ya maji, tutakuwa tumewarudishia kitu kilichokuwa chao.